Miguu Nyuma ya Ngamia

Nikipita asubuhi kwenye hoteli za Wahabeshi kambini Kakuma, wakati unga wa injera, ule mkate wao mwembamba, umechacha vizuri na wapishi wanaufunua ili waanze kuumimina kwenye bamba la moto, pua yangu hunipeleka Lodwar bila nauli. Wenzangu husikia njaa. Mimi nasikia picha. Filamu za zamani zikizeeka hutoa uchachu huo huo, na nilipounusa mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa darasa la tano, nimesimama mlangoni pa chumba chenye giza nyuma ya maktaba, uso nimeuficha kwenye leso ya shangazi.

Niwaambie mapema kwamba nilikuwa msichana wa kujificha. Mgeni akibisha nyumbani kwetu Kakuma, mimi niko nyuma ya mlango. Akikaa sana, niko nyuma ya pipa la maji. Ata, bibi yangu aliyenilea, alikuwa akiwaambia wageni kwa sauti ya kutosha ili nisikie, "Huyu siku ya kuolewa watakuja kulichukua pipa."

Habari ya picha alinipa siku niliyokuwa namtungia uzi kwenye sindano. Kazi yake ilikuwa shanga, lakini ukungu ulikuwa umeanza kuingia machoni mwake, na tundu la sindano alilitafuta kwa hasira mpaka ananilalamikia mimi. Alisema alipokuwa mdogo kuliko mimi, Mzungu mmoja alipita na askari kwenye visima vya mto Tarach. Akasimamisha sanduku la miguu mitatu, akamwelekezea mama yake Ata, aliyekuwa ameshika ngamia. Sanduku likalia tik.

"Wakaondoka naye ndani ya sanduku," alisema Ata, "na hawakurudi kutuonyesha."

Kiangazi kilichofuata mama yake alikufa. Ata aliikumbuka mikono yake, na namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kucheka, lakini uso ulikuwa umemtoka.

"Nataka kuuona kabla haya macho hayajafunga duka."

"Na wewe, Ata, ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Nilikuwepo," akasema, na akaninyang'anya sindano.

Basi likizo ilipofika, shangazi yangu aliyeuza samaki wakavu sokoni Lodwar alinichukua kwake. Alikuwa amesikia kuna ofisi inayotunza picha za zamani za Waturkana, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kuangalia. Mtunzaji wake aliitwa Emuria, kijana mrefu aliyevaa koti zito katika joto la Lodwar kwa sababu chumba kile kilipozwa na mashine mchana kutwa.

"Ejok, mama samaki," alimsalimu shangazi. "Na huyu anayeota mgongoni kwako ni nani?"

"Ndiye mwenye shida. Mimi dereva tu."

Emuria alinipa glavu nyeupe zilizonifika karibu na viwiko. Akanifundisha kushika picha kwenye kingo tu, kama mtu anavyoshika chapati iliyotoka motoni. Kisha akawasha taa chini ya meza ya kioo na kutandaza filamu juu yake. Jamani! Watu weusi walikuwa weupe, mbuzi weupe walikuwa weusi, na anga la mchana lilikuwa usiku. Wazee walikuwa na meno meusi na nywele za moshi. Nilisahau kuona haya. Nilisahau hata shangazi alipoondoka. Emuria alipogeuza filamu moja kwenye kompyuta, weusi ukarudi mahali pake, na mzee mmoja aliyekaa juu ya kigoda chake akawa ananitazama mimi, mimi kabisa, kama niliyechelewa kumletea maziwa.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafika kabla Emuria hajafungua.

Lakini nitamtambuaje mwanamke ambaye sijawahi kumwona, na mwanawe mwenyewe amemsahau? Hapo nilijiona mjanja. Kwetu kila ukoo una chapa yake, alama ambayo wanyama wanachomwa kwa chuma cha moto, na hata mtoto anaijua ya kwao akiiona kwa mbali. Nilichora kwa kalamu kwenye kiganja changu chapa ya ngamia wa baba yangu mdogo, wale waliolala nje ya boma letu. Nikamwambia Emuria tutafute ngamia kwanza, na mwanamke atakuwa pembeni yake.

"Huyu msichana ana akili," alisema Emuria.

Tukatafuta. Maboksi yalishuka, maboksi yakapanda. Niliona ngamia wa kila aina, wenye kengele, wenye watoto, mmoja akimtemea mate askari. Kila jioni nilikichora upya kiganja changu kwa sababu jasho la glavu lilikuwa limekifuta. Chapa yetu haikuonekana popote. Likizo ikaanza kuisha, na katika simu Ata alimwambia shangazi kwamba sasa hata shanga nyekundu na za rangi ya chungwa zinamchanganya.

Siku hiyo nilichukua simu mwenyewe. Nilimweleza kila kitu, nikimchorea hewani chapa ile kana kwamba ananiona. Ata alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Hiyo si ya babu yako? Wewe unafikiri nilizaliwa katika boma hili? Mimi nililetwa, mtoto! Siku ya kuolewa niliacha chapa ya baba yangu nikachukua ya mume. Umemtafuta mama yangu katika mifugo ya wakwe zangu!"

Shangazi, aliyekuwa anasikia, alikaa chini juu ya gunia la samaki. "Na mimi mtu mzima," akasema, "nilikuwa naangalia tu kiganja."

Ata akatueleza chapa ya ujana wake: mstari uliopinda kutoka sikioni hadi shavuni, na nukta mbili chini yake. Alivyoitaja, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita jina la rafiki.

Asubuhi nilikimbia. Emuria alipoona kiganja kipya aliguna, akapapasa kifua chake kama aliyepoteza funguo, kisha akaliendea boksi ambalo tulikuwa tumeshalirudisha juu. Filamu ya pili kutoka chini. Mstari uliopinda, nukta mbili. Nilipiga kelele hata watu wa maktaba wakaja kuchungulia, na kwa mara ya kwanza sikutafuta pa kujificha.

Kwenye kompyuta alitokea mwanamke mwembamba, shanga zimejaa shingoni, mkono mmoja juu ya shingo ya ngamia. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kama anayetaka kukohoa.

"Na yule mwingine?" aliuliza Emuria. Nyuma ya mguu wa mbele wa ngamia kulikuwa na vijiguu viwili vya mtoto, vimejaa vumbi, na vidole vinne vimeshika goti la mnyama. "Ona, amejificha kama wewe."

Nilicheka, nikafikiri ni mtoto fulani tu wa kisimani.

Nakala yake niliipeleka Kakuma kwa Deng, Msudani Kusini mwenye studio ya picha kambini, naye akaichapa kwa ukubwa wa sinia na hakutaka tuzungumzie bei. Tulikwenda naye mpaka kwa Ata. Ata aliibeba nje juani, akaisogeza machoni na kuirudisha mbali. Aliutazama uso muda mrefu. "Kumbe ulikuwa mtoto mdogo hivi," akamwambia mama yake.

Halafu akaniuliza, bila kugeuka, "Nyuma ya mguu wa ngamia kuna nini? Macho yangu hayafiki."

"Kuna miguu ya mtoto, Ata. Na vidole."

"Una hakika?"

"Vidole vinne."

Akakaa chini. Akalia na kucheka, akijipiga kofi pajani. "Mama alinivuta nisimame naye, nikakataa. Nikaogopa lile sanduku. Miaka yote nimejua sikuingia naye sandukuni."

Deng alitaka kumpiga picha akiwa na picha yake. Mimi, kwa mazoea, nikarudi nyuma ya mgongo wa Ata. Deng akaniita nisogee mbele.

"Mwache," alisema Ata. "Miguu inatosha."

Sasa nimekua, na siku za mapumziko huwa nakwenda kwenye kile chumba kumsaidia Emuria. Watu huja wakitafuta nyuso. Zamani na mimi nilidhani namtafutia bibi uso wa mama yake. Alichokuwa akikitafuta Ata ni kujua kama walikuwa pamoja. Kwa hiyo mtu akiipata picha yake na kufurahi, simwachi aondoke haraka. Namwomba tuangalie pia pembeni, chini, na nyuma ya kila mnyama.