Presi ya Wawili Yamwelemea Fundi wa Bushi Jericho

Saa mbili asubuhi, mtaani Jericho. Josephat Nalianya anaufunga kamba mkono wa Peugeot, anaipitisha kamba juu ya boriti ya banda lake la mabati, kisha anarudi nyuma kuangalia kama umelala sawa. Haujalala sawa. Anasonya, anaanza upya.

Mkono huo, chuma kirefu kinachoshikilia gurudumu, unatakiwa kutiwa bushi mpya, kipande cha mpira kinachozuia vyuma kusagana. Presi yake, fremu ya vyuma iliyochomelewa na kuwekewa jeki ya lori, ni ndogo mno. Inameza kichwa cha mkono tu. Sehemu iliyobaki inaning'inia nje, na ikilemea upande, bushi nayo huingia kombo na kuchanika.

Ndiyo maana hii ni kazi ya watu wawili: mmoja anapampu jeki, mwingine anashika. Kwa miaka tisa, aliyeshika alikuwa mkewe, Falis.

"Alikuwa anauza uji pale ng'ambo," anasema Nalianya, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. "Siku moja mtu wangu wa kushika hakuja, nikamwita mke wangu anishikie dakika mbili. Uji uliungua." Anacheka.

Wateja walimjua Falis kwa leso aliyoifunga juu ya ovaroli, na kwa sauti yake. Viganja vyake vilihisi bushi ikianza kwenda kombo kabla jicho halijaona. "Simama, Baba Nabalayo!" alikuwa akipaza sauti, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, ambaye sasa ameolewa Webuye. Nalianya aliiachia jeki papo hapo.

"Nyumbani tulibishana hata juu ya chumvi," anasema. "Hapa, hapana. Hapa yeye ndiye alikuwa mkubwa."

Mwaka jana, 1996, mvua za Aprili zilimkuta Falis na kifua. Wakadhani ni mafua tu, wakanunua dawa dukani, naye akaendelea kushika vyuma vya baridi. Alipofikishwa hospitali, homa ya mapafu ilikuwa imeshamzidi nguvu. Wakamzika Kimilili.

Zamani walimaliza magari matatu kwa siku. Sasa moja, akibahatika. Ameajiri watu wawili kwa nyakati tofauti na kuwafukuza wote, na anakiri hawakuwa na kosa.

"Walishika vizuri. Lakini wakifungua mdomo tu, nawakasirikia. Niliwaonea bure."

Asubuhi hii anapampu, huku dereva wa Peugeot, Nyamai, akitazama. Kamba inalegea. Mkono unainama taratibu, na Nalianya bado anapampu. Mpira unachanika.

"Ai, fundi! Si umeiona ikienda upande?"

"Nimeiona."

"Sasa mbona hukuachia?"

Nalianya anapangusa mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi. "Nilikuwa nangoja niambiwe."

Nyamai alimfahamu Falis. Anaondoka kwenda kununua bushi nyingine kwa pesa zake mwenyewe.

Njia ya kutoka ipo. Mzee Maingi wa mtaa wa Lucky Summer anafunga gereji yake arudi Kitui, na anauza presi pana yenye meza ya kulaza mkono mzima. Mtu mmoja anaiendesha bila taabu. Amemwekea Nalianya hadi Jumamosi, kisha itaenda kwa mwingine. Pesa zimepatikana, bintiye na chama cha mafundi wamechanga. Kinachomshinda ni kingine.

"Nikiileta ile, upande wa pili hapatakuwa na nafasi ya mtu," anasema. "Itakuwa kama nimemwambia Falis hatumhitaji tena."

Anaitazama bushi iliyochanika mkononi mwake. Kisha anaitupa kwenye debe la vyuma chakavu.

"Jumamosi nitaichukua," anasema. "Nikibaki na hii, nitawaharibia watu bushi zao nikimngoja mtu ambaye mimi mwenyewe nilimtia udongo."