Bei ya Moshi Ambao Haukupanda

Gloriose hakuwa mtu wa kuogopa nyoka. Nilimwona mwenyewe akimpiga mmoja kwa mchi nyuma ya kibanda chake, kisha akarudi kutwanga kama mtu aliyefukuza kuku. Lakini akiingia mtaani mtu mwenye kalamu, mikono yake ilianza kutetemeka, na alichokishika kikaanguka.

Nilimfahamu kwa ajili ya sufuria. Kazi yangu ni kuziba sufuria zilizotoboka, na kazi hiyo imenitembeza kutoka kwetu Kasingirima, mjini Kigoma, hadi Kidahwe, hadi Kasulu, na miaka ile ya wakimbizi ikanifikisha kambini. Kambini sufuria zilikuwa zinatoboka upesi, maana watu walipika kwa moto mkali wa harakaharaka ili kuni zisiishe.

Kwao ni Burundi, milimani juu ya ziwa. Alinieleza mara moja tu, nami sikumwuliza tena. Walikuja watu kilimani kwao, maana Burundi kilima ndicho kijiji, wapole kabisa, wakaandika majina ya kila nyumba, wakasema ni ya mgao wa mbolea. Wiki mbili baadaye wakaja wengine, na orodha ileile mkononi. Mumewe, Egide, alikuwa wa nne. Gloriose akashuka ziwani na mtoto mgongoni, mavyala wake, mama wa Egide, amemshika mkono, wakatokea Kagunga, upande wa Tanzania. Pale ufukweni walilala siku kumi na moja, watu wamejaa hata mchanga hauonekani, mpaka meli ikawaleta Kigoma na mabasi yakawapandisha kambini. Wakati ninaousimulia, yule mtoto, Armelle, alikuwa na miaka tisa. Mavyala, Bibi Nizigama, macho yake yalikuwa hayaoni tena.

Sasa habari ya kuni. Mgao wa kambi ulitosha siku nne za wiki. Siku tatu zilizobaki kila mtu alijua mwenyewe. Kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali ilikuwa kosa, kuingia msitu uliofungwa kosa kubwa zaidi, na mkaa ndiyo hata kuutaja watu walinong'ona. Mwezi mmoja nyuma, mwanamke wa mtaa wa pili aitwaye Regina alikamatwa na mzigo wake kichwani. Alifungwa miezi sita, na watoto wake watatu wakagawanywa kwa majirani, kila mmoja kibanda chake. Gloriose alikuwa akienda msituni mara mbili kwa wiki.

Ndipo akaja Nehemia, mtafiti, mtu wa makamo mwenye miwani na mzani wa kuning'iniza wenye ndoano. Alinikuta nimekaa na sufuria zangu, akasikia naongea Kiha na wale Warundi, tunaelewana, akaniomba nimtafsirie.

"Shikamoo, Mzee. Kazi yenyewe ni hivi," akasema. "Nchi imeahidi kupunguza hewa ya ukaa. Ndiyo maana mkaa unakatazwa na msitu unafungwa. Hakuna mtu aliyetozwa kodi ya moshi, si ndiyo? Lakini moshi ambao haukupanda juu, kuna mtu ameulipia. Mwingine kwa miguu yake, mwingine kwa njaa. Bei hiyo haimo katika bajeti yoyote. Mimi naitafuta: kila tani moja ya moshi uliozuiwa, hawa wamelipa nini?"

"Na ukiipata?"

"Nawapelekea wanaopanga. Ikiwa kubwa, kuna mpango wa kuwaletea gesi. Ikiwa ndogo, basi utaratibu uliopo unatosha. Hata mgao wa kuni wanaweza kuupunguza."

Njia yake ilikuwa rahisi. Kila nyumba itoe kuni zake zote, azipime, kisha wapike kama kawaida yao kwa siku tatu bila kuongeza, naye arudi kupima zilizobaki. Nilitafsiri. Watu wakaitikia kwa vichwa, na alipoondoka tu wakamzunguka Nikodemu, kiongozi wa mtaa.

"Jamani, mtego huo," Nikodemu akasema. "Akiona kuni nyingi atauliza zimetoka wapi. Toeni fungu la mgao, basi. Zilizobaki zifukieni, zilalieni, zimezeni, shauri yenu!"

"Anza wewe kumeza tuone!" mwanamke mmoja akasema, na wakacheka kile kicheko kifupi cha watu wenye hofu.

Kuni za Gloriose zikaenda chini ya kitanda cha Bibi Nizigama, zikafunikwa gunia.

Siku zile tatu mtaa mzima ulijifanya hauna njaa. Walipika mara moja tu, asubuhi, na maharage ya mgao ni ya zamani, yanataka saa nne jikoni. Walikuwa wanayaepua baada ya saa moja, wanayatafuna yanalia kama kokoto. Wengine walikoroga unga kwa maji baridi. Mimi sikupata hata sufuria moja ya kuziba, na matako ya sufuria niliyoyaona yalikuwa yamesuguliwa yanang'aa. Tumbo la Bibi Nizigama likaharibika.

"Mama," nilimsikia Armelle akiuliza, "kwa nini tuna kuni na hatupiki?"

"Sema tena, nikukate ulimi."

Hakuwa mama wa maneno hayo. Hofu ndiyo iliyokuwa ikisema.

Nehemia aliporudi alipima nyumba moja baada ya nyingine, kisha akakaa mkekani mbele ya kibanda cha Gloriose akapiga hesabu. Akashangaa.

"Kilo mbili kwa nyumba kwa siku. Mimi nilitegemea nane! Watu hawa wamezoea kabisa, Mzee. Gharama yao ni kama haipo."

Nilitafsiri, na Nikodemu akapiga makofi. Kisha nikatafsiri lililofuata, kwamba kwa hesabu hiyo mgao wa siku nne unaweza kufanywa wa siku mbili. Mikono ya Nikodemu ikabaki hewani. Nami nilijua walichokificha, lakini shingo haikuwa yangu.

Gloriose alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Muulize, Mzee. Akiandika jina langu, hiyo karatasi inaenda wapi?"

Nikamwuliza. Nehemia akasema inaenda Dar es Salaam, inafungiwa kabatini, haisomwi na askari.

"Na mwenye kabati akibadilika?"

Gloriose akaingia ndani. Tukasikia bibi akilalamika, kitanda kikisogezwa, kisha kuni zikatoka: kipande, kipande, kipande, mpaka rundo likafika magotini.

"Yebaba we!" Nikodemu akashika kichwa. "Mama Armelle, umetuua!"

"Mgao ukipunguzwa nitakwenda msituni kila siku, Nikodemu. Kila siku! Hapo lazima wanikamate. Nani atabaki na Armelle? Wewe?" Akanigeukia. "Mwambie nitasema yote. Lakini jina langu asiandike."

"Namba ya nyumba je?" Nehemia akauliza.

"Namba ni jina."

"Mama, msaada ukija utafuata fomu hizi. Bila namba hautakujua."

"Usinijue."

Nehemia akaichana fomu yake mbele yetu, akatoa karatasi nyeupe. Akauliza safari moja ya kuni huchukua saa ngapi. Gloriose hakuwahi kuwa na saa. Akasema, "Kesho aje aone."

Tuliondoka alfajiri, yeye mbele, Nehemia katikati, mimi nyuma na mfuko wangu wa nyundo kama kisingizio. Kibali cha Nehemia kilikuwa cha kambi tu, hilo alituambia tulipokwisha vuka mto, akijaribu kutabasamu. Mwanzoni alikuwa anaandika kila kona. Baadaye akaitia kalamu mfukoni akawa anatazama nyuma.

Msituni Gloriose hakuwa na shoka, maana shoka lina sauti. Aliokota matawi makavu, akayavunja gotini, akingojea upepo uvume ndipo avunje. Mzigo ulipokaribia kujaa tukasikia filimbi.

Gloriose alimshika Nehemia kola kama unavyomshika mtoto barabarani, akamlaza kichakani. Nami nikalala, na mifupa yangu hii. Walinzi watatu walikuja wakibishana kuhusu mpira, nani angefunga na nani hajui kitu. Mmoja akasimama, akatugeukia. Nilidhani tumekwisha. Akafungua zipu akakojoa, hatua tatu kutoka kwenye viatu vizuri vya mtafiti, huku akiendelea kubishana. Gloriose alikuwa amefumba macho, ameuma kitenge chake.

Walipopotea kabisa Nehemia aliokota miwani yake majanini.

"Ni hivi kila mara?"

"Leo ni afadhali," Gloriose akasema. "Tuko watatu."

Mzigo ulikuwa kilo ishirini na sita. Nehemia aliubeba mpaka mtoni, akautua, hakuweza tena, Gloriose mwenyewe akauchukua. Tulipofika nyumbani zilikuwa zimepita saa nane na nusu tangu tuondoke. Nehemia akaandika saa, akaandika kilo, akabaki na kalamu juu ya karatasi.

"Hofu nitaiandikaje? Haina kipimo."

Nilipomtafsiria, Gloriose akajibu: "Andika kwamba kila ninapokwenda namkalisha Armelle, namtajia jina la mtu wetu aliyebaki Kagunga, nisiporudi amtafute. Analitaja mara tatu ndipo natoka. Hiyo ni mara mbili kwa wiki, miaka mitatu, tangu msitu ufungwe. Yeye ana hesabu, ajumlishe."

Nehemia aliiandika yote. Jioni ile mwanamke mwingine akatoa kuni zake, kesho yake sita, na mwisho Nikodemu mwenyewe akafukua zake nyuma ya choo, akiapa zilikuwa za mpangaji aliyehama. Wao walikubali namba zao ziandikwe.

Mgao haukupunguzwa. Miezi saba baadaye nilikuwa kambini tena siku gesi ilipoletwa. Mitungi ilipangwa juani, mgawaji akawa anaita namba za nyumba, naye akaivuka ya Gloriose.

"Mama Armelle, njoo hapa mezani nikuandikishe!" Nikodemu akaita. "Ni dakika moja tu!"

Akaja. Akapewa kalamu, akaniomba nimsomee nafasi zilizoachwa. Jina. Namba. Waliomo nyumbani. Kilima ulikotoka.

"Kilima cha nini?"

"Utaratibu tu," mgawaji akasema.

Gloriose aliitazama ile nafasi. Kisha akaiweka kalamu chini taratibu, akajifuta vidole kwa kitenge.

"Basi nitauchukua mtungi wako kwa jina langu," Nikodemu akanong'ona. "Wakiuliza mitungi miwili ya nini, nitasema nina wake wawili."

"Mkeo atakuua kabla ya walinzi!" Gloriose akasema kwa sauti.

Foleni yote ikacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini mikono aliificha ndani ya kitenge. Kisha akaenda nyumbani kuchukua kamba. Ilikuwa Jumanne, siku yake ya msitu, na jua lilikuwa limeshapanda sana.