Daftari la Bluu na Ubao Uliofutwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na shati moja jeupe, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe, na majivuno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya. Nilikuwa nimetoka kwetu Tunduma juu ya lori la magunia ya mahindi, kisha nikatembea kwa miguu hadi shule ya misheni upande wa Igamba, nilikopangiwa kufundisha darasa la nne. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha si zamani. Mkoa wa Songwe haukuwepo hata kwa jina, na mambo yetu yote yalikwenda Mbeya. Cheti changu cha ualimu wa Daraja la Pili nilikiweka katikati ya Biblia kisikunjike.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mnyiha wa makamo, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alikisoma cheti, akanirudishia.

"Hiki kinasema ulijua siku ya mtihani, Mwalimu Nzunda," alisema. "Jumamosi tutaona kama unajua kufundisha."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania hata kidogo. Tulikuwa walimu sita pale pamoja naye, na kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu alifundisha somo kamili kwa watoto wa bweni. Wengine watano tuliketi nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yakitukaribia kidevu. Anayefundisha alikuja na andalio la somo, yaani karatasi inayoeleza anataka watoto wajue nini na atawafikisha huko kwa njia gani. Somo likiisha, watoto walitoka kwenda kufua, mlango ukafungwa, na madawati yakasogezwa tukaangaliana.

Sheria zilikuwa chache. Aliyefundisha alianza kwa kujikosoa mwenyewe. Kisha kila mmoja wetu alisema jambo moja aliloliona, moja tu, na Mwalimu Mkuu akaliandika ubaoni. Mwishoni aliyefundisha alichukua kifutio akaufuta ubao wote kwa mkono wake, na maneno yale hayakurudiwa tena, si kanisani wala kwa wake zetu. Mwalimu Mkuu mwenyewe alifundisha zamu yake ilipofika, akasemwa, akafuta.

"Kwa nini tufute, Mkuu?" nilimuuliza wiki zile za mwanzo. "Si tutasahau?"

"Mtu atakuvulia shati uone jipu lake," alinijibu, "lakini si kama anajua kesho utalieleza sokoni."

Jibu lile sikulipenda. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, uliosifiwa tangu chuoni, na niliona ni hasara maneno yote yale yakiisha kuwa vumbi la chaki. Basi nikanunua daftari lenye jalada la bluu. Kila Jumapili mchana nilikaa chumbani kwangu nikaandika kwa kumbukumbu jina la mwalimu, somo lake na makosa yake. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ni kwa faida yetu sote, na nadhani mwanzoni nilisema kweli.

Katika wenzangu, niliyempenda zaidi ni Mwalimu Kibona, Mndali wa Mbebe, milima ya Ileje kule. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alifundisha hesabu darasa la tano. Jumamosi moja alifundisha kugawanya kwa sehemu. Watoto walipata majibu yote sawasawa, na sisi nyuma hatukuona kasoro. Zamu ya kujikosoa ilipofika, akaichezea chaki vidoleni.

"Ndugu zangu, mimi nitasema tu," alisema. "Ile sehemu ya pili tunaigeuza juu chini, halafu tunazidisha. Kwa nini? Mimi sijui. Naigeuza kwa sababu na mimi niligeuziwa. Wiki iliyopita mtoto aliniuliza, nikamchapa."

Hakuna aliyecheka. Kusema kweli, watatu kati yetu hatukujua pia, nami nikiwa mmojawapo. Mwalimu Mkuu alitoka, akarudi na viazi vitamu vilivyochemshwa na kisu. Akakata kiazi nusu.

"Nusu hii ina robo ngapi, Mwalimu Kibona?"

"Mbili."

"Basi nusu ukiigawanya kwa robo unapata mbili. Umegeuza kitu?"

Kibona alikitazama kile kiazi, kisha akaanza kukata vingine, theluthi na sudusi, mpaka tukaona wenyewe ile kanuni imetoka wapi. Tulikaa pale hadi mchana, watu wazima sita tunakata viazi na kubishana. Jumatatu nilipita dirishani kwake nikasikia darasa la tano linapiga kelele za furaha, na yule mtoto aliyechapwa ndiye aliyeshika kisu. Sijaona somo zuri kama lile maisha yangu yote. Lakini kwenye daftari la bluu niliandika Kibona, hesabu, hajui sababu ya kugeuza sehemu, alimchapa mtoto aliyemuuliza. Habari ya viazi sikuiandika. Nilikuwa nimechora safu ya makosa tu, na safu ya masahihisho haikuwepo.

Mwaka uliofuata Mwalimu Mkuu alihamishiwa shule nyingine, nami nikaachiwa kukaimu nafasi yake. Muhula ule ndipo alipokuja Mkaguzi wa Shule, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha pwani vizuri kuliko sisi wenyewe. Kulikuwa na fununu kwamba anatafuta mkufunzi, yaani mwalimu wa kufundisha walimu, kwa ajili ya chuo cha ualimu. Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote.

"Nasikia mnakutana Jumamosi," alisema. "Mnafanya nini hasa?"

Ningeweza kumwambia aje aone. Badala yake nilivuta mtoto wa meza nikamkabidhi daftari. Alilisoma kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mwandiko mzuri sana," alisema. "Hii ni kazi ya mtu makini." Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja. "Huyu Kibona bado anafundisha hesabu?"

"Ndiyo, Bwana."

Aliningoja. Pale ndipo palipokuwa na nafasi ya viazi, ya Jumatatu ile, ya watoto waliopiga kelele. Nami nilikuwa bado nayasikia masikioni yale maneno yake, "mtu makini", nikisubiri aongeze mengine. Sikusema kitu. Alifunga daftari, akanirudishia.

Barua mbili zilifika pamoja. Moja ilinipeleka chuoni kuwa mkufunzi. Nyingine ilimvua Kibona cheti chake kwa kutojua somo na kwa kupiga mtoto bila sababu. Jioni alikuja mlangoni kwangu akiwa nayo mkononi. Mkewe alikuwa mjamzito, na nyumba waliyolala ilikuwa ya misheni.

"Mwalimu Nzunda, haya mambo niliyasema mle ndani tu," alisema. "Nani kayapeleka..."

"Sijui," nikamjibu.

Aliondoka siku ya tatu kurudi Mbebe. Jumamosi iliyofuata tulikutana kama kawaida. Aliyefundisha alipoulizwa amekosea wapi, alisema hakuona kosa. Wengine wakasema somo lilikuwa zuri, mmoja baada ya mwingine, wote wakiutazama mlango. Ubao ukabaki mweusi, hapakuwa na cha kufuta. Jumamosi mbili baadaye hatukukutana tena.

Chuoni nilikaa miaka mingi na walimu vijana waliniita mzee wa kazi. Nilijaribu kuunda kikundi kama kile kati yetu wakufunzi, tena nikakipangia ratiba na mwenyekiti na katibu. Wenzangu walikuja, wakasifiana, wakanywa chai. Nilipowahimiza waseme ukweli walinitazama kwa adabu. Habari ya Igamba ilikuwa imenitangulia, na hata kama isingenitangulia, mimi mwenyewe sikuwahi kuthubutu kuanza.

Nilipostaafu nilirudi Tunduma. Wastaafu wenzangu walifungua maduka, mimi nikawa nalitazama daftari. Mwishowe nikalifunga kwenye kitambaa, nikapanda milima hadi Mbebe. Nilimkuta Kibona shambani kwake anapalilia maharage, amezeeka, bado mwembamba. Nilimwambia kila kitu tukiwa tumesimama, kwa sababu niliona sistahili kuketi.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Ulinijibu hujui hata sijamaliza kuuliza."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Alinipa kigoda, akachukua daftari, akasoma taratibu, ukurasa wake na kurasa za wengine. Kisha akarudi mwanzo akasoma tena, kama mtu anayetafuta kitu.

"Umetuandika wote, hata Mkuu," alisema. "Wewe uko wapi?"

Nilitaka kumweleza kwamba siku zangu nilikuwa nimeshika kifutio, kwamba aliyefundisha ndiye aliyefuta, kwamba nilisahau. Nilipoanza, nikasikia mwenyewe kwamba ni visingizio, nikaacha.

"Mimi sijasahau," Kibona alisema. "Jumamosi yako ya kwanza kabisa nilikuambia hukuwafundisha watoto. Ulitufundisha sisi tuliokaa nyuma. Muda wote ulikuwa unatutazama sisi, uone tumekuonaje."

Akanipa daftari. Nilikuwa na kalamu mfukoni, kama kawaida yangu. Niliandika jina langu kwenye ukurasa wa mwisho, na chini yake maneno yale kama alivyoyasema, daftari likiwa gotini, mwandiko mbaya kabisa. Katika daftari lote lile, ni kosa hilo tu nililokuwa na haki ya kuliandika.