Mama Macho na Kipima Joto cha Saba

Kazini walimwita Mama Macho, na jina hilo halikumchukiza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutunza macho ya mtambo wa kufua umeme. Kila chumba cha moto cha turbini ya gesi kina jicho dogo la kioo linalochungulia ndani. Likiuona moto, gesi huendelea kuingia. Lisipouona, gesi hukatwa papo hapo. Jicho likidanganya, gesi hujaa kimya kimya mahali penye joto, na ya hapo hayasimuliki. Pamoja na macho hayo alitunza vipima joto kumi na vinane vilivyopangwa mduara kwenye koo la kutolea moshi. Kwa miaka kumi na minne alivipima na kuviandika daftarini, na Jumatatu iliyokuwa inakuja angepewa ukuu wa kitengo.

Wiki hiyo mtambo uliwagomea. Kipima joto cha nane kilisoma chini kuliko vingine, mafundi wakafungua kichomeo cha upande huo, kile kinachopulizia gesi kwenye moto, wakakisafisha, wakakirudisha. Wapi! Mara ya pili, hali ile ile. Mama Macho akaomba nusu saa. Mtambo ulipopoa alipanda ngazi na kifaa cha kupulizia hewa ya moto, akawa anavipasha kimoja kimoja, huku Mjomba, mzee wa chumba cha kuongozea, akimsomea skrini kwa redio ya mkononi.

"Saba napasha."

"Nane inapanda."

"Mjomba, nimesema saba."

"Na mimi nimevaa miwani, mwanangu. Nane."

Akakizima kifaa. Mwezi uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha vipima joto hivyo viwili. Siku hiyo mama yake alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali, naye, mwili uko kazini na roho iko wodini, alipishanisha nyaya, akaandika "kimejaribiwa" bila kujaribu, akaondoka mbio.

Mjomba alikuja mwenyewe, akamkuta ameketi kwenye ngazi.

"Sikiliza," alinong'ona. "Geuza hizo nyaya, funga kisanduku. Mimi sijaona, sijasikia. Jumatatu si mbali."

"Siku ile niligusa pia macho mawili ya mtambo, Mjomba."

Mzee akavua miwani. "Hayo uliyajaribu?"

"Sikumbuki."

Kuyajaribu macho kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji sababu. Mama Macho alikwenda ofisini kwa mhandisi mkuu, akaeleza yote akiwa amesimama.

"Yaani tumefungua kichomeo kizima mara mbili," alisema mhandisi, "na mgonjwa ni jirani yake?"

"Ndiyo, bosi. Kosa ni langu."

Mhandisi alichukua fomu ya kibali, akaijaza. "Kajaribu kila ulichogusa siku ile. Mjomba atie sahihi pembeni yako. Barua ya cheo ya Jumatatu itakaa kwanza kwenye droo."

"Ahsante, bosi."

Mbele ya jicho la kwanza aliwasha taa ya majaribio. "Moto upo," Mjomba akasema redioni. Akaizima. "Moto haupo." La pili nalo likasema kweli. Mama Macho aliegemeza paji la uso kwenye chuma, akamshukuru Mungu kwa sauti, redio ikiwa wazi, na chumba kizima cha kuongozea kikamsikia. Kisha wakazirudisha nyaya mahali pake, wakafungua kichomeo cha upande wa saba: tundu lake la gesi lilikuwa limeziba nusu kwa masizi. Alasiri mtambo ukawaka, na vipima joto vyote vikasoma karibu sawa.

"Watu wakikosa cheo hulia," alisema Mjomba. "Wewe unatabasamu."

"Jicho moja lingekuwa bovu, Mjomba, saa hizi ungekuwa unatafuta nyusi zako."

"Zenyewe zimebaki za kuhesabu."

Mama Macho alifungua daftari, akalipiga lile neno la uongo, "kimejaribiwa", mstari mmoja tu, ili atakayekuja aweze bado kulisoma. Chini yake aliandika kilichotokea, akatia sahihi, akamsogezea mzee kalamu.