Mama Viti na Waliosimama Nyuma

Asubuhi ile mke alikuwa anapiga pasi kitambaa cha kichwa, mume anakunywa chai. Haikuwa siku ya chochote.

"Haya, mzee. Wa tatu kutoka kushoto?"

"Mwenye miwani."

"Miwani ndilo jina alilopewa na babake?"

Mzee akacheka, akakwama, kisha akalitaja jina lenyewe. Picha ilikuwa imeegemezwa kwenye birika. Wakamaliza safu ya waliosimama, watu kumi na mmoja, wakairudia toka mwanzo, ndipo wakaingia ya waliokaa. Mzee hajui kusoma, lakini kichwa chake hakisahau. Alidhani ni mchezo tu.

Siku mbili baadaye, mkewe akiwa anatandika kitanda, moyo wake ulisimama.

Miaka thelathini na minne mke huyo alifanya kazi katika klabu ya wakubwa katikati ya jiji, yenye mlango wa shaba alioung'arisha kila siku na asiupite hata mara moja. Kazi yake ilikuwa viti. Pale kila mwanachama ana kiti chake, na hakikaliwi na mwingine hata mwenyewe akiwa safarini. Yeye ndiye aliyevifuta, akavipaka nta, akavipanga kwa ajili ya picha ya kila mwaka. Wakamwita Mama Viti, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Klabu ilipokaribia miaka themanini, katibu alipewa kazi ya kuandika kitabu cha historia yake. Picha tele, majina hakuna. Akajiona mjanja: akatazama kila kiti, akaandika jina la mwenye kiti. Kisha akamwita Mama Viti, aliyekwisha kustaafu, ahakikishe tu.

Mama Viti akaiona picha ya ufunguzi wa ukumbi mpya, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Bwana katibu, huyu uliyemwandika mwenyekiti ni fundi wa piano! Siku hiyo paa lilivuja, viti tukavianika nje. Mpiga picha alipofika tukaviingiza mbiombio, kila mtu akaketi alipopata."

Katibu akashika kalamu. "Basi nitajie, mama."

"Nitakutajia. Na hawa waliosimama nyuma?"

"Wapishi na wahudumu? Mama yangu, hii ni historia ya wanachama."

"Basi wanachama wakutajie."

Wanachama wa wakati ule walikuwa wamekufa au wamesahau. Katibu akampa picha aende nayo nyumbani akafikirie. Akaenda nayo. Hakufikiria chochote. Alianza kumfundisha mumewe.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, katibu akabisha hodi. Akatoa pole, akakaa ukingoni mwa kochi, akauliza kama marehemu aliiacha ile picha, na neno lolote.

Mzee akaileta, akaiweka mezani, palepale penye alama ya birika.

"Majina ninayo. Yote."

"Afadhali!" Katibu akafungua daftari. "Mbele, kushoto?"

"Anza nyuma."

"Mzee wangu, kamati haitaki. Na kitabu kinakwenda kupigwa chapa Ijumaa."

"Basi fundi wa piano ndiye mwenyekiti wenu."

Katibu akatabasamu bila kupenda. Akainamia picha. Mwisho kabisa wa safu ya nyuma alisimama msichana mwembamba, mikono ameificha kwa sababu ya nta. Mzee naye akamtazama. Hakulia, kazi ilikuwa haijaisha.

"Herufi ziwe sawa na za mbele," akasema. "Ukurasa huohuo. Binti yangu anajua kusoma. Atakuja kuangalia kabla ya Ijumaa."

Kalamu ikaning'inia. Kisha katibu akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa, akasoma kwa sauti: "Waliosimama."

Mzee akaanza. Mpishi mkuu, jina lake na la babake. Dobi. Bawabu. Hakuruka mtu. Alipofika wa kumi na moja alilitaja polepole jina la mkewe, lile la kuzaliwa, si la viti.

"Haya," katibu akasema, "sasa wa mbele."

"Kwanza nisomee hao. Toka mwanzo."

Katibu akatazama saa. "Mzee, na wa mbele je?"

Mzee alikuwa amemuuliza mkewe swali hilohilo asubuhi ile, chai ikipoa. Basi akampa jibu lilelile alilopewa, kama lilivyotoka kinywani mwake, pasi ikiwa mkononi:

"Wa mbele watangoja. Wamezoea kukaa."