Kopo la Poda Juu ya Kabati

Mtu anayeamka saa kumi na moja ya asubuhi huku anacheka, mimi simwamini. Ama anaficha kitu, ama anatafuta wa kumtuma maji. Kwa hiyo mama yangu alipoanza kuamka hivyo, akiimba chinichini na kujisalimia mbele ya kioo chetu chenye ufa, nilivuta shuka mpaka puani nikaanza kumchunguza kwa jicho moja.

Chanzo nilikijua. Kanisani kwetu alikuwa amekuja mgeni kutoka Lubumbashi, viatu vyake vinang'aa hata nikajiuliza alivukaje vumbi la Kalemie, labda alibebwa. Alisema mtu anabeba kesho yake mdomoni. Ukisema "sitaweza", eti umejifungia mlango na ufunguo umeutupa ziwani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa nikingoja auze kitu, mafuta, kitabu, hata sabuni. Hakuuza. Hapo njo nilimshuku zaidi. Mtu akikupa kitu bure kwetu huku, uangalie mkono wake wa pili uko wapi.

Tena mambo ya kuwaza mema nilikwisha kuyajaribu. Kabla ya interro moja, mtihani mdogo wa hesabu, niliwaza mema usiku kucha, nikapata tatu juu ya ishirini. Mawazo yalikuwa mazuri sana. Majibu njo yalikuwa mabaya.

Jioni ile, tulipomaliza kula bukari, ule ugali wetu, mama alituambia mimi na mdogo wangu wa kike kwamba anaenda kufanya egzame ya Leta, ile ya serikali ya kumalizia masomo ya sekondari. Bila diplome yake, huwezi kuruhusiwa hata kufundisha watoto wadogo kuandika herufi a. Mama aliacha shule akiwa darasa la tano la sekondari, tumbo limemtangulia mlangoni. Tumbo lenyewe lilikuwa mimi, kwa hiyo sikuwa na la kusema, ingawa kwa kawaida ninayo mengi. Tangu siku zile anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Lakini direkteri wa shule ya msingi ya karibu na kwetu alikuwa amemwambia kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anazeeka, na akileta diplome kabla ya masomo kuanza, darasa lile litakuwa lake. Mama alilitaka darasa lile kuliko alivyotaka kitu chochote tangu nimfahamu. Tukipita pale alikuwa anachungulia dirishani kama mtu anayeangalia nyumba aliyoahidiwa.

Papa, ambaye analima kule Nyunzu, alipoambiwa kwa simu alicheka mpaka yuniti zikakatika. Hatukujua kama ni cheko la furaha.

Basi mama akajiandikisha kama otodidakti, yaani mtu wa kujifundisha mwenyewe, hana mwalimu wa kumchapa wala kengele ya kumwokoa. Nyumbani akatunga sheria: neno "sitaweza" limefukuzwa. Mdogo wangu alitii palepale. Mimi nilitafuta tundu kwenye ua. Nikitumwa maji nilijibu, "Ninaweza kabisa mama, ila kesho." Alinitupia ndala, huku anacheka. Ndala na cheko kwa pamoja! Niliandika kichwani: hali inazidi.

Halafu kopo likaingia nyumbani.

Kwetu, mtu akipita egzame ya Leta anamwagiwa poda. Nyeupe, ile ya watoto wachanga. Kichwani, shingoni, mpaka kope. Naye hajipanguzi. Anatembea siku nzima mjini hivyo, ili hata mbuzi wajue kuna diplome. Poda ikiisha dukani wanachukua unga wa muhogo. Siku matokeo yanapotoka, Kalemie inafanana na kiwanda cha saruji kilichopiga chafya.

Mama alinunua kopo lake la poda kabla hajafungua hata ukurasa mmoja wa hesabu. Akalipandisha juu ya kabati, mahali pa heshima, pembeni ya foto ya bibi. Mama jirani, ambaye anaona kila kitu kupitia ule ua wetu wa matete, hakungoja kukaribishwa.

"Mama, unanunulia mutoto viatu na mimba bado?"

"Miguu itakuja," mama akajibu.

Nikawa ninalitikisa lile kopo kila nikipita. Nilijua uzito wake kama ninavyojua uzito wa begi langu lisilokuwa na vitabu. Ndiyo maana niligundua kabla ya mtu mwingine yeyote: kopo linapungua. Leo kidogo, wiki inayofuata kidogo tena.

Nikapanga washukiwa. Mdogo wangu nilimtoa, anaogopa buibui wa juu ya kabati. Mimi mwenyewe nilijiachilia kwa kukosa ushahidi. Mama jirani nilimwacha kwenye orodha kwa furaha. Nikaweka mtego: kichwa cha ndagala juu ya kifuniko, mwizi akigusa kitaanguka. Asubuhi kichwa hakikuwapo. Wala juu wala chini. Paka wetu alikuwa amekaa pembeni anajilamba masharubu, na uchunguzi wangu ulikuwa tumboni mwake.

Kisha nikaona kitu cha kunitia wasiwasi kabisa. Mama mwenyewe, asubuhi, hapa juu ya paji la uso, nywele zilikuwa na weupe. Nikawaza mambo mengi na hakuna hata moja lililokuwa jema, sheria ya nyumba inisamehe. Labda yule mgeni wa viatu vya kung'aa alimwachia maombi ya siri. Labda anakutana na watu fulani kabla ya jua, wanajipaka.

Kesho yake nilimfuata. Safari ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia, iliishia nyuma ya jiko. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo, karatasi juu ya magoti, tochi ya simu imebanwa kati ya sikio na bega. Hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa anaitukana hesabu. Aliitukana kwa Kitabwa, lugha anayoiweka kwa mambo makubwa. Alifuta, akaandika, akafuta, akalinganisha na jibu la nyuma ya kitabu. Likalingana. Halafu akafungua kopo, akachukua poda kidogo kwa vidole viwili, akajiwekea utosini, akasema polepole, "Pongezi, mwalimu."

Nilitoka mafichoni. Mtu anayeiba vyake mwenyewe lazima akamatwe.

"Mama, haujapita bado."

"Hii nimepita." Akanionyesha ukurasa. "Jana ilinishinda, leo nimeishinda. Unataka nikae mwaka muzima bila muntu wa kunipongeza?"

"Na poda ikiisha mbele ya siku yenyewe?"

"Itakuwa imeishia kichwani, mutoto wangu. Haitakuwa imemwangika."

Nilirudi kulala bado ninashuku. Lakini tangu hapo niliangalia kwa makini zaidi, na niliona kwamba zile asubuhi hesabu ilipomshinda, mama hakugusa kopo. Alitoka na beseni lake amenuna, akaenda kuwafokea ndagala kule mchangani, na jioni alirudia ukurasa uleule. Na kusema kweli, ni zile siku za kununa zilizonifanya nianze kumwamini. Cheko mtu anaweza kulivaa. Kununa kwa mama hakuna anayeweza kuigiza.

Egzame ilipofika, alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe kama wanafunzi wote. Nikamwambia anafanana na mtu anayerudia darasa tangu safina ya Nuhu. Ile siku midomo yake ilikuwa mikavu, na hakusema neno lolote zuri mbele ya kioo. Aliporudi jioni ya siku ya hesabu alisema kitu kimoja tu: kuna swali lilimkatalia. Hakulitaja tena, ila nilimsikia akiligeuzageuza usiku kama mtu mwenye jino bovu.

Tukaingia kipindi cha kungoja. Kila simu ikilia mtaani, watu wanasimama. Kila mtu anamshuku mwenzake kwamba ameshajua na anaficha.

Ndipo asubuhi moja, nyuma ya jiko, mama akalipata. Swali lilelile lililomkatalia ukumbini. Aliliandika upya kutoka kichwani, akalifungua mpaka mwisho, likakubali. Lilikuwa limechelewa, halingeweza kumwongezea hata alama moja, lakini lilikubali. Mama hakuchukua kwa vidole viwili siku hiyo. Alipindua kopo zima, akalipiga kitakoni, akajimwagia lote.

Na mama jirani alikuwa anakuja kuomba kaa la moto.

Sasa wewe fikiri. Ni wakati wa matokeo, na mama otodidakti amesimama uani mweupe mpaka kope. Mama jirani hakuuliza swali. Aliachilia kigelegele kilichowaamsha kuku wa mtaa mzima, na kabla sijavaa suruali parseli, kile kiwanja chetu, ilikuwa imejaa watu, kila mmoja na unga wake. Mama alifungua mdomo aeleze, wakamjaza muhogo. Alijaribu kukohoa, wakadhani analia kwa furaha, wakaongeza. Walimpitisha njia yote mpaka mchangani kwa wenzake wa ndagala, nao wakaacha samaki wakacheza. Njiani direkteri alitoka nje ya lango la shule na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Darasa linakungoja, mwalimu," alisema.

Nilikuwa karibu. Niliuona uso wa mama chini ya ule unga. Sijawahi kuona mtu akipongezwa akawa na hofu vile.

Aliporudi nyumbani alimwita mama jirani pembeni na kumweleza. Matokeo hayajatoka. Ilikuwa hesabu moja tu, na imekwisha kupita wakati. Mama jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akajitazama mikono.

"Na unga wetu?"

Habari ilitembea haraka kuliko ile ya kwanza. Wale waliocheza wakawa wanatupita bila kugeuka. Mwingine alisema mama amejitangaza mwenyewe, kichwa kimemchanganyika na vitabu. Mama aliamka saa ileile, akajisalimia kwenye kioo. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alijisalimia. Siku hizo sikumtania hata mara moja, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko maneno ya watu. Aliniuliza kama ninaumwa.

Matokeo yalikuja mchana, kwenye simu yangu. Mama alikuwa anachambua ndagala. Nilisoma ujumbe, nikausoma tena, nikaangalia namba ya mtahiniwa, nikamwita mdogo wangu naye asome. Kisha nikampa mama. Mikono yake ilikuwa na magamba, kwa hiyo nilimshikia simu mbele ya uso.

Amepita.

Mdogo wangu akapiga kelele. Akapiga tena. Tukangoja vigelegele, tukangoja miguu inayokimbia. Hakuna aliyekuja. Nyuma ya ua wa matete nilisikia mtu akisema, "Leo hawatupati."

Mama alisimama pale na macho yaliyojaa maji, kichwa chake cheusi kabisa. Nikapanda kwenye kabati. Kopo lilikuwa bado pembeni ya bibi, jepesi kama neno. Nikachukua kisu cha jikoni, nikalipasua katikati. Kwenye kona za chini kulikuwa kumeganda poda kidogo. Niliikwangua yote, ikatosha vidole viwili. Nikamwekea mama utosini.

"Pongezi, mwalimu," nikasema, na sauti yangu ikafanya mambo ambayo sikuituma.

Kichwa cha mama jirani kikatokea juu ya ua. Kikaangalia ile alama nyeupe.

"Mama, na leo umepita nini?"

Mama alifuta magamba mikononi, akachukua simu yangu. Alimnyoshea simu. Mama jirani alisoma akitembeza midomo, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Halafu akaacha kuangalia simu akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, kuanzia vidole vya miguu.

"Weye," akasema. "Hii mesaji ni nani ameiandika?"

Nilimwapia kwa jina la bibi, na la Papa, na la ziwa lote. Hakuamini hata kidogo. Alifunga kitenge chake vizuri na kwenda mwenyewe shuleni kuangalia orodha ukutani, akimwambia mama asijipanguze kwanza mpaka arudi. Nasi tukakaa chini kumngoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishukiwa huku sijafanya kitu.