Anti Phulmani Apata Msikilizaji

Jirani yangu wa Umbilo, hapa Durban, Anti Phulmani, nilidhani anagombana na sufuria. Kila asubuhi akikaanga viungo sauti yake hupenya ukutani: mstari mmoja, kimya, kisha mstari uleule tena, mkali zaidi. Mie na umbea wangu wa Tanga ningevumilia mpaka lini? Nikagonga mlango.

"Anti, kulikoni? Unamsema nani?"

Akacheka. "Simsemi mtu, mwanangu. Natunga shairi."

Shairi la Kihindi! Basi nikamwandama kwa maswali. Kazaliwa huku huku Durban. Bibi yake aliletwa kukata miwa, akitoka milima ya ndani kabisa ya India, kwa wale wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao hata Wahindi wenzao huwadharau. Lugha ya bibi ilikufa na bibi. Kihindi Anti alifundishwa hekaluni jioni, naye akakitumia kuisimulia milima asiyoiona. Maisha yake yote kashona mashati kiwandani huku akitunga kichwani.

"Na unamsomea nani?"

Hapo akainama. Mwanawe Viren, anayekaa Westville, hajui ila Kiingereza, na hajapata kusikia hata ubeti mmoja. "Ningependa anisikie mara moja tu, kabla sijafa," akasema. Loh, niliumia!

Mwaka 1998 chama kimoja cha Kihindi kikamwalika asome, mara yake ya kwanza mbele ya watu, kwenye ukumbi mmoja wa Queensburgh. Viren akatupeleka kwa gari lake. Akaketi karibu na mlango, funguo mkononi.

Anti akapanda jukwaani. Jamani! Sikuambulia neno, lakini vinyweleo vilinisimama. Jina moja tu nililidaka, maana lilirudi kila ubeti: Budhni. Nikageuka nimwone mwanawe anavyofurahi. Kainuka, anaelekea mlangoni!

Hasira zikanipanda. Kama mwana hamtunzi mama yake, nitamtunza mie. Kwetu mwimbaji wa taarabu akikugusa moyo hukai kama gogo, unamfuata palepale anapoimba, ukamtunza kwa pesa au kanga. Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikajitosa katikati ya ukumbi huku nikijinyonganyonga, nikapanda, nikamvisha Anti, nikapiga kigelegele.

Wazee wa mstari wa mbele wakanikodolea macho kama nimewamwagia mchuzi. Kumbe kwao shairi halikatizwi namna hiyo. Anti mwenyewe kaacha kusoma. Nikatamani ardhi inimeze.

Viren akarudi mbio, uso umemwiva. "We dada, unafanya nini? Unajua hata anachosema?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Viren akamgeukia mama yake, aliyesimama na kanga mabegani, macho yamemjaa machozi. Alipouliza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Ma, Budhni ni nani?"

"Bibi yangu. Yule aliyekuja na meli."

"Nilidhani jina lake lilipotea."

"Nalisema kila siku, Viren. Hukuniuliza."

Viren akaketi sakafuni, miguuni pa mama yake, mbele ya wazee wote wale. Anti akaanza upya, taratibu, na kila ubeti ukiisha, akainama akamwambia maana yake.